Jules Verne juu ya Berlin: kwa nini ndege ya posta ndiyo iliyofika

Usiku wa kuamkia tarehe 8 Juni 1940, ndege moja ya Kifaransa iliingia Berlin ikitokea kaskazini, upande wa Bahari ya Baltiki. Ilidondosha mabomu kwenye eneo la viwanda, viwanda vya Siemens vikiwa ndiyo shabaha, kisha ikaikata Ujerumani moja kwa moja kuelekea magharibi na kutua Orly, karibu na Paris. Hilo lilikuwa shambulio la kwanza la anga dhidi ya Berlin katika Vita vya Pili vya Dunia. Waingereza walifika huko kwa mara ya kwanza mwishoni mwa Agosti mwaka huohuo, zaidi ya miezi miwili baadaye, na kwa sababu hiyo watu wengi hudhani wao ndio waliotangulia.

Ushujaa wa waliokuwa ndani ya ndege ile umeshasimuliwa na unastahili kusimuliwa. Swali linalonishughulisha mimi ni jingine. Ndege yenyewe, iliyopewa jina la Jules Verne, ilijengwa kupeleka barua Amerika. Waliokuwa wakiirusha walikuwa askari wa jeshi la majini. Jeshi la anga la Ufaransa, ambalo tangu kuundwa kwake mwaka 1933 lilijitetea mbele ya majenerali wa nchi kavu kwa hoja kwamba kazi yake kubwa ni kumpiga adui nyumbani kwake, halikuwa na ndege hata moja iliyoweza kufanya safari ile kwa njia ile. Nchi iliyorusha ndege kubwa ya mabomu ya injini nne tangu mwaka 1932 ilifikaje mahali pa kuazima ndege ya posta ili ifike Berlin?

Kiwanda cha ndugu watatu

Inabidi tuanzie kwa Farman. Henri, Maurice na Dick Farman walikuwa na kiwanda Boulogne-Billancourt na uwanja wa majaribio Toussus-le-Noble. Mwaka 1918 walichora ndege ya mabomu ya injini mbili, Goliath. Vita vikaisha kabla haijaingia kazini. Badala ya kuitupa, waliweka viti na madirisha, na Februari 1919 rubani Lucien Bossoutrot akavuka nayo Mfereji wa Uingereza hadi Kenley, karibu na London, akiwa na abiria ambao wote walikuwa wanajeshi kwa kuwa safari za kiraia zilikuwa bado hazijaruhusiwa. Goliath ikawa ndege ya abiria ya njia ya Paris hadi London kwa miaka mingi, na papo hapo ikaendelea kutengenezwa kama ndege ya mabomu. Mtindo wa Farman ukawa umewekwa: bodi pana ya umbo la sanduku, bawa kubwa, na mlango ulio wazi kwa kazi yoyote itakayokuja.

Tarehe 26 Mei 1932 iliruka Farman 220. Ilikuwa na bawa moja lililokaa juu ya bodi, upana wa mita 36 kutoka ncha hadi ncha, likishikiliwa na vyuma vya mshazari. Injini zake nne hazikupangwa kwenye bawa kama tulivyozoea kuona leo. Zilikuwa mbili kila upande, zimefungwa mgongo kwa mgongo kwenye kijibawa kifupi cha chini. Ya mbele ilivuta, ya nyuma ikasukuma, kama vijana wawili wanaopeleka mkokoteni mlimani, mmoja mbele na mwenzake nyuma.

Mpangilio huo ulikuwa na akili yake. Injini mbili zikijificha nyuma ya uso mmoja hupunguza upinzani wa upepo. Halafu injini moja ikifa, iliyobaki upande ule inaendelea kuvuta au kusukuma palepale, kwa hiyo ndege haipindi sana upande mmoja na rubani hachoki kupambana na usukani. Lakini pangaboi la nyuma lilifanya kazi katika hewa iliyokwisha kuvurugwa na la mbele, na injini ya nyuma ilipata shida ya kupoa. Kasoro hiyo itarudi baadaye katika kisa hiki.

Boeing ya Marekani iliyozaa B-17, ndege mashuhuri ya mabomu ya injini nne, iliruka Julai 1935, miaka mitatu baada ya Farman 220. Wasovieti waliwatangulia Wafaransa kwa ndege ya mabomu ya injini nne ya kizazi hicho, kwa TB-3 yao iliyoruka Desemba 1930, nao waliitengeneza kwa mamia. Hapo ndipo penye tofauti. Ndege zote za mabomu za familia ya Farman 221 na 222 zilizotolewa kiwandani mpaka vita vinaanza zilikuwa kama hamsini hivi.

Umbali ambao hakuna aliyeuomba

Sababu inayotajwa mara nyingi ni viwanda. Viwanda vilikuwa vingi, vidogo, na vilifanya kazi kwa mikono kuliko kwa mashine. Wizara ya Anga ilipoanzishwa mwaka 1928, mhandisi Albert Caquot aliweka utaratibu wa kulipia ndege nyingi za mfano kwa kampuni nyingi ili fikra mpya zichipuke. Zilichipuka kweli. Ila kila kampuni ilipata kazi ya ndege moja au mbili za mfano, halafu oda ndogo, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kununua mitambo ya kutoa ndege kwa wingi. Hilo ni kweli, na ndilo lililochelewesha mambo mengi.

Hata hivyo, kwa maoni yangu kuna sababu iliyo chini zaidi: hakuna mtu aliyeliomba jeshi la anga lifike mbali. Jeshi la nchi kavu lilikuwa bado bwana mkubwa, na fikra yake ilikuwa ulinzi wa mpaka wa mashariki, yaani ngome za Maginot. Ndege ya mabomu katika fikra hiyo ni mzinga wenye mkono mrefu kidogo. Ipige reli, ghala na madaraja ya mto Rhine, usiku, irudi. Kwa kazi hiyo LeO 20, ndege ya mabawa mawili iliyoundwa miaka ya 1920, ilionekana inatosha, ikaendelea kuwa uti wa mgongo wa vikosi vya usiku hadi katikati ya miaka ya 1930. Farman 221 na 222 zilifuata mkondo huohuo: zibebe tani nne na zaidi za mabomu, kwa umbali wa safari wa kilomita 2,000 hivi. Paris hadi Berlin ni karibu kilomita 880 kwa mstari ulionyooka. Kwenye karatasi Farman 222 ingeweza kwenda na kurudi, mradi ipite juu ya Ujerumani kwenda na kurudi, isikutane na upepo mbaya, isipotee njia, na isibebe mzigo wake wote. Hakuna kamanda makini ambaye angeiita hiyo safari ya kutegemewa.

Waliotaka jeshi la anga lijitegemee walikuwa wamemsoma Jenerali Douhet wa Italia, aliyefundisha tangu 1921 kwamba vita vitaamuliwa na mabomu juu ya miji. Lakini ili wapate pesa na uhuru wao, walilazimika kuwaahidi majenerali wa nchi kavu kwamba watawafanyia pia upelelezi na ulinzi. Mapatano hayo yakazaa ndege zilizoitwa BCR, yaani za mabomu, mapambano na upelelezi kwa pamoja. Chini ya waziri wa anga Jenerali Victor Denain, mpango wa 1934 wa ndege 1,010 ulijazwa na ndege za aina hiyo na jamaa zake, zikiwemo Potez 540, Bloch 200 na Amiot 143. Ukitazama picha ya Amiot 143 utaona mapatano yale yakiwa yamepigwa ribiti: kibanda cha vioo chini ya tumbo kwa ajili ya kutazama ardhi, vibanda vya bunduki juu na mbele, pembe kila mahali, na magurudumu yasiyokunjwa. Kila idara ilipata dirisha lake. Kasi hakuna aliyeipata.

Na umbali nao haukuwa na mtetezi mezani.

Bahari ilipouliza swali

Mtetezi alikuwepo, ila katika ofisi nyingine. Shirika la posta ya anga, Aéropostale, lilikuwa na njia ya barua kutoka Ufaransa hadi Amerika ya Kusini. Ndege zilishuka pwani ya Afrika hadi Dakar. Hapo barua zilipakiwa kwenye meli ndogo zenye kasi zilizochukua siku kadhaa kufika Natal, Brazili, ndipo ndege nyingine zikazipokea. Kile kipande cha katikati cha kilomita 3,000 na ushei za maji ndicho kilichokula faida yote ya kasi. Mei 1930 rubani Jean Mermoz alikivuka na barua, kwa ndege ya injini moja iliyofungwa maboya. Januari 1933 akavuka tena kwa ndege ya injini tatu ya Couzinet. Sasa ikahitajika ndege ya kwenda na kurudi kila wiki, mvua inyeshe, mawingu yatande.

Air France, iliyoundwa 1933 kwa kuunganisha mashirika yaliyokuwepo, ikamchukua mkongwe wa Farman: ile 220 ya mfano, ndege ya mabomu iliyokwisha kutimiza kazi yake ya majaribio. Wakaivua vya kivita, wakaongeza matangi ya mafuta, wakaiita Le Centaure. Juni 1935 ilivuka Atlantiki ya Kusini. Ndugu zake, Farman 2200 na 2220, zikafuata, na tangu Januari 1936 barua zikawa zinavuka kwa ndege pekee, bila meli.

Ukweli wa bahari ile ulikuwa mkali. Tarehe 7 Desemba 1936 Mermoz na wenzake wanne waliondoka Dakar kwa ndege ya majini Latécoère 300, Croix-du-Sud, nayo ikiwa na injini nne zilizofungwa mgongo kwa mgongo. Saa chache baadaye redio ilipokea maneno mafupi: tunazima injini ya nyuma ya kulia. Hawakusikika tena. Kifo kile kiliitikisa Ufaransa nzima, na kila fundi aliyeshughulika na Farman alijua ni kitu gani kinachozungumzwa.

Nasimama hapa kidogo kwa sababu ndipo kisa kinapogeuka. Kwa ndege ya mabomu ya wakati ule, injini kuharibika kwa saa ya kumi ya safari lilikuwa jambo la vitabuni, maana hakukuwa na safari ya saa kumi. Kwa posta lilikuwa jambo la kila wiki. Ndiyo maana posta ilijifunza mambo ambayo jeshi la anga halikulazimika kuyajifunza: kupima matumizi ya mafuta lita kwa lita, kuongoza njia kwa nyota pasipo alama yoyote chini, kupokezana usukani ili watu walale. Mwaka 1937 Farman 223 ilitoka, nyembamba zaidi na yenye mikia miwili ya wima. Novemba mwaka huo Paul Codos na Marcel Reine waliirusha moja yake kutoka Paris hadi Santiago, Chile, kwa takriban saa 53.

Afrika nayo ilikuwa na njia zake. Shirika la Air Afrique la wakati huo lilitumia Bloch 120, ndege ya injini tatu iliyotokana na mpango wa ndege za makoloni, kutoka Algiers kupita Kongo, na Elisabethville, Lubumbashi ya leo, ikawa kituo kwenye njia ya kwenda Madagaska. Hizo zilikuwa safari za kuruka kituo kwa kituo, na kwa ndege hizo umbali wa mruko mmoja haukuwa tatizo.

Atlantiki ya Kaskazini ilikuwa kipimo kingine kabisa. Paris hadi New York ni karibu kilomita 5,800, na pepo za huko huvuma kutoka magharibi, usoni mwa anayekwenda. Air France Transatlantique iliagiza ndege tatu za posta za aina ya 223.4: Camille Flammarion, Jules Verne na Le Verrier. Ziliombwa ziweze kuruka kilomita 8,000 zikiwa na kilo 600 tu za barua. Ndege ya kwanza ya aina hiyo iliruka Machi 1939. Wakati huo Farman hakuwa tena mwenye kiwanda. Sheria ya Agosti 1936, chini ya waziri Pierre Cot, ilikuwa imetaifisha viwanda vya silaha, na Farman ikaunganishwa na Hanriot kuwa shirika la katikati, SNCAC, ndiyo maana 223.4 huandikwa kwa herufi NC.

Hesabu yenyewe ni rahisi kuifuata. Ndege iliyojengwa kubeba mafuta ya kilomita 8,000, ukiituma safari ya kilomita 3,000 na kitu, inakuachia tani kadhaa za uzito mkononi. Uzito huo unaweza kuwa mabomu. Ile ya jeshi la anga, iliyojengwa kwa mabomu mengi na mafuta machache, nayo ungeweza kuipunguzia mabomu, lakini haikuwa na matangi wala mpangilio wa kupokea mafuta badala yake. Na 223.3, ambayo ndiyo ndege ya mabomu ya familia hiyohiyo, ilianza kufika vikosini Mei 1940, Wajerumani wakiwa wanavuka mto Meuse.

Safari yenyewe

Jeshi la majini lilizichukua zile ndege tatu kwa sababu lilitaka macho ya mbali juu ya Atlantiki. Hilo nalo lina maana yake: kwa watu wa majini, umbali ni kitu cha kawaida. Kamanda Henri-Laurent Daillière alipewa Jules Verne, akiwa na Paul Comet kama mwongozaji njia, Yonnet kama rubani, na pamoja nao fundi wa injini, mtu wa redio na mtu wa mabomu.

Ndege ilipakwa rangi nyeusi isiyong'aa. Chini ya mabawa zilifungwa nafasi nane za mabomu ya kilo 250. Ulinzi wake wote ulikuwa bunduki moja ya rashasha ya milimita 7.5 kwenye mlango wa nyuma wa kulia. Mabomu madogo ya moto hayakuwa na chombo cha kuyadondoshea, kwa hiyo yalirundikwa sakafuni, na wakati ulipofika yalitupwa kwa mikono kupitia mlangoni. Hivi ndivyo Ufaransa ilivyolipiga jiji kuu la adui yake: watu wamejishikiza kwenye kizingiti cha mlango wa ndege ya barua, gizani, wakipokezana mabomu ya kilo kumi kumi.

Tarehe 3 Juni Wajerumani walikuwa wameshambulia Paris na viunga vyake, na watu zaidi ya mia mbili walikufa, wengi wao raia. Jibu lilitakiwa. Usiku wa Juni ni mfupi, na kadiri unavyokwenda kaskazini ndivyo unavyozidi kuwa mfupi. Ndege isiyo na kasi haiwezi kwenda na kurudi juu ya Ujerumani katika giza la saa hizo chache. Ndipo akili ya ubaharia ilipofanya kazi. Waliondoka Bordeaux-Mérignac alasiri ya tarehe 7, wakatumia mwanga wa jioni wakiwa juu ya bahari ambako hakuna mizinga: Mfereji wa Uingereza, Bahari ya Kaskazini, wakakata Denmark, wakaingia Baltiki. Giza lilipokolea walikuwa kaskazini mwa Berlin, na hapo wakageuka kusini. Giza lote lililobaki walilihifadhi kwa ajili ya shambulio na njia fupi ya kurudi. Njia ndefu ya baharini, ambayo kwa Farman 222 isingewezekana kabisa, ndiyo iliyowaokoa.

Madhara kwa viwanda vya Berlin yalikuwa madogo. Tani mbili za mabomu mazito na hayo madogo ya moto, kutoka ndege moja, usiku, hayasimamishi jiji. Sioni sababu ya kulikuza. Jules Verne iliendelea na kazi, ikapiga pia matangi ya mafuta ya Porto Marghera karibu na Venice baada ya Italia kuingia vitani, na kabla Juni haijaisha Ufaransa ilikuwa imesaini kusitisha mapigano.

Wako wanaosema kisa hiki kinaonyesha kwamba Ufaransa ingekuwa na Farman nyingi mambo yangekuwa mengine. Sikubaliani nao. Ndege ya kasi ya kilomita 300 hivi kwa saa, yenye bawa la kushikiliwa kwa vyuma, isingedumu mwaka mmoja mbele ya ndege za usiku na mizinga yenye taa. Isitoshe, tangu mpango wa Machi 1938 waziri Guy La Chambre aliweka ndege za kujilinda mbele, na kwa hali iliyokuwepo sidhani kama alikosea. Ninachosema ni kidogo zaidi, ila nina uhakika nacho: ufundi wa kufika mbali ulikuwepo nchini, kwenye kiwanda kilekile, kwa mikono ya mafundi walewale, na ulikuwa ukiongezeka kila mwaka upande wa posta wakati upande wa mabomu umesimama. Hakukuwa na daraja kati ya ofisi hizo mbili mpaka adui alipofika.

Ndege zenyewe zilimalizia kwa kubeba watu. Juni hiyohiyo rubani James Denis aliondoka Saint-Jean-d'Angély na Farman 222 iliyojaa wanaume waliokataa kusalimu amri, akatua kusini mwa Uingereza. Le Verrier ilirudishwa Air France. Tarehe 27 Novemba 1940 ilitunguliwa juu ya Mediterania ikimpeleka Jean Chiappe kushika wadhifa wake wa kamishna mkuu wa Ufaransa huko Syria, na kwenye usukani walikuwa Henri Guillaumet na Marcel Reine, wawili kati ya marubani bora wa ile njia ya Amerika ya Kusini. Daillière mwenyewe alibaki na jeshi la majini la Vichy, yaani la serikali ya Ufaransa iliyokubali kusitisha mapigano, akatunguliwa na Waingereza karibu na Freetown mwaka 1942.

Ndege ya mabomu ya injini nne ambayo ingerithi nafasi ya Farman, Bloch 162, iliruka kwa mara ya kwanza tarehe 1 Juni 1940, wiki moja kabla ya safari ya Berlin. Ilikuwa ya kisasa na yenye kasi kubwa, na ikaangukia mikononi mwa Wajerumani. Asili yake ilikuwa Bloch 160, ndege ya abiria. Dada yake wa kiraia, Bloch 161, alitengenezwa baada ya vita kwa jina la Languedoc, akawa anabeba abiria wa Air France.